Injini Uani kwa Mzee Gaspari

Marahaba, wanangu. Najua hamjanisalimu, maana mtu haamkii karatasi, lakini nimezoea kuitikia kabla sijaanza kusema, na kwa umri huu sibadiliki tena. Haya nawaandikia ninyi mnaoshika spana siku hizi pale Mbinga na kule Mbamba Bay, mnaotoa injini asubuhi kwa winchi ya mnyororo na jioni mnalalamika kwamba mgongo unauma. Mgongo gani? Kazi yote imefanywa na mnyororo.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, zamani tulikuwa tunatoaje injini bila winchi. Nikamjibu kwamba tulitumia miti mitatu, kamba na mama mkwe. Akacheka, akanipigapiga begani kama mtu anayemhurumia mzee aliyeanza kupotea. Basi leo namjibu vizuri, ajue kwamba sikuwa natania.

Nilijifunza ufundi enzi za Mwingereza, nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja pale Mbinga. Aliyenifundisha alikuwa Fundi Salumu, mtu wa Kilwa aliyepanda huku milimani na lori la mizigo, lori likamfia, naye akabaki huku kama mtu anayelinda maiti. Alikuwa mfupi, msafi kuliko fundi yeyote niliyepata kumwona, na kofia yake ya kufuma ilikaa kichwani hata akiwa chini ya gari. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka likatuchosha: kabla hujavuta, uliza nini kinashika.

Nilimwelewa siku niliyotoa injini yangu ya kwanza. Yeye alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, nami na mwanafunzi mwenzangu tukataka akirudi aikute injini iko chini, atusifu. Tukafunga kamba kwenye boriti, tukavuta. Injini ikapanda, tukafurahi. Tukavuta tena, ikapanda tena, na matairi ya mbele ya lori yakapanda nayo. Mwenzangu akasema labda ndivyo inavyokuwa. Fundi Salumu akarudi, akalizunguka lori lile lililosimama kwa miguu ya nyuma, akaketi kwenye boksi lake, akatuambia tukilifikisha mbinguni tumsalimie babu yake. Kumbe bolti moja ilikuwa imebaki nyuma ya stata, mahali ambapo jicho halifiki, kinafika kidole tu. Tangu siku ile siyaamini macho yangu kwenye injini. Napitisha kiganja kila upande, taratibu, ndipo nasema iko huru.

Na bolti, wanangu. Nawaona mnavyozitupa zote kwenye ndoo moja, halafu wakati wa kufunga mnagombana. Bolti ukiifungua, irudishe palepale kwenye tundu lake, izungushe kwa vidole tu, ikungoje. Isiyoweza kurudi itie kwenye kopo la maziwa, kila sehemu ya gari na kopo lake. Mabomba ya maji na ya petroli yafunge vitambaa vya rangi ili ujue lipi linaenda wapi. Mimi kwa kazi hiyo nilichana gauni la zamani la dada yangu, na alipolitafuta nikamsaidia kulitafuta.

Sasa nije kwa Mzee Gaspari.

Mzee Gaspari alikuwa mkulima wa kahawa kule Mkumbi, mtu mrefu mwenye maneno ya upole. Alinunua lori kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Lori lenyewe lilikuwa la kabla ya vita, la kuwashwa kwa hendeli kila stata ilipogoma, lenye pua ndefu, mlango wa kushoto usio na kioo, na breki ya mkono iliyokuwa pambo tu. Lilibeba kahawa msimu mmoja. Msimu wa pili ukikaribia likaanza kugonga ndani, ko ko ko, kama mtu aliyefungiwa stoo. Fundi Salumu akalisikiliza akiwa amefumba macho, akasema chuma laini kinachokaa kati ya krenki na mikono ya pistoni kimeyeyuka, na krenki lenyewe limechubuka. Injini lazima itoke, krenki lipelekwe mjini likachongwe. Lakini lori lilikuwa limeshazimikia uani kwa mwenyewe, na kulivuta kwa vilima vile hadi Mbinga hakukuwezekana. Fundi aende huko huko.

Nilijitolea haraka mno. Fundi Salumu akanitazama, akatabasamu, akanipa spana zake nzuri.

Alijua. Mzee Gaspari alikuwa na binti, Kalista, yule ambaye ninyi mnamwita bibi. Nilikuwa nimekwisha kumtuma mshenga. Baba mtu alimpokea vizuri. Mama mtu alimpa mshenga kigoda, akampa togwa, akamwacha amalize, halafu akasema hapana. Sababu zake hazikuwa za siri. Kwanza mimi ni Mnyasa, mtu wa ziwani, na yeye alikuwa Mmatengo wa mlimani aliyeamini kwamba watu wa ziwani hawalimi, wanakaa wanangoja samaki wajilete. Pili nilinuka petroli. Tatu, na hii ndiyo iliyokuwa kubwa, hakulitaka lile lori tangu siku ya kwanza. Alisema mumewe ameleta nyumbani ng'ombe wa chuma asiyetoa maziwa, na sasa anataka kumwoza mtoto kwa mchungaji wake.

Mzee Gaspari aliniambia wazi, tukiwa tumeegemea madigadi. Lori likibeba kahawa msimu huu, yeye atakuwa na la kusema katika nyumba yake, na mshenga wangu anaweza kurudi. Injini ikiharibikia pale uani, hatakuwa na la kusema. Wala mimi sitakuwa nalo.

Hapo lazima niwaeleze jambo, maana ninyi mnakula meza moja na mama wakwe zenu na mnawaomba chumvi. Enzi zetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana. Mkikutana njiani, yeye anageuka, anavuta kanga kichwani, nawe unaingia majanini mpaka apite. Ukiwa na la kumwambia, unakiambia kitu kilichopo hapo, mbuzi, kinu, nguzo ya nyumba, naye anasikia. Akitaka kujibu anamwambia mbuzi yuleyule. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na ilianza pale tu mama alipokukubali. Mama ambaye hakufichi uso, anayekuja na kukutazama machoni, anakuambia bila kufungua mdomo kwamba wewe si mkwe wake.

Mama Kalista alinitazama machoni.

Tangu siku ya kwanza alikuja mpaka kwenye lori, akainama, akanichungulia nikiwa nimelala chali humo chini. Akaniita kijana wa mafuta. Akaniuliza nimeamkaje. Mimi nikageuza uso upande wa tairi, nikalijibu lori: nikalituma limwambie Mama shikamoo na kwamba nimeamka salama. Akasema yeye hana habari na lori, anasema na mimi. Nikaliambia lori limwambie Mama nimesikia.

Vikawa vita, wanangu, vya heshima. Yeye alitaka nimtazame mara moja tu, tuonane uso kwa uso kama mtu na mpita njia, na mambo ya mkwe yaishie hapo. Mimi nilikataa. Alileta ugali na maharage yeye mwenyewe, akaketi juu ya kinu akingoja nitoke nile. Nilikula chini ya lori, shingo nimeipinda kando ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili ikidondokea mboga. Nilijifunza kuitambua miguu yake kwa mbali. Akiuliza kama kwetu ziwani samaki wanakaangwa kwa oili ya gari, nililituma lori limjibu kwamba oili ni ghali, tunatumia grisi. Nikaona vidole vya miguu yake vimejikunja. Kama ni hasira au kicheko sikujua.

Na Kalista? Kalista aliteka maji. Sijapata kuona nyumba iliyotumia maji kama ile. Alipita na mtungi, akarudi na mtungi, na mwenyewe mpaka leo anasema maji yalihitajika kweli. Hatukusemezana. Lakini alikuwa akipita anaimba, na siku mama yake alipokuwa karibu aliimba kwa sauti zaidi, nami nikajua wakati wa kuingia chini ya gari.

Kazi yenyewe niliifanya kwa utulivu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilifungua boneti, nikamwaga maji na oili, nikatoa rejeta, nikafunga bomba la petroli, nikachomoa nyaya na kutoa kabureta na dainamo ili visigongwe. Giaboksi nikaikingia gogo kwa chini. Hilo msilisahau hata mkiwa na haraka: ukitoa bolti za giaboksi bila kuikinga, uzito wote unaning'inia kwenye shafti inayoingia klachi, na klachi ukishaipinda utalia.

Miti mitatu mirefu ya mlingoti, yaani mkaratusi, tukaiunganisha juu kwa mnyororo, miguu tukaitanua kila upande wa pua ya lori. Makapi mawili ya kupitishia kamba, na kamba nene ya katani, niliazima kwa binamu yangu Mbamba Bay, wao walivitumia kuvutia maboti mchangani. Uani kulikuwa na kisiki imara cha kuzungushia kamba. Chini, mahali ambapo injini ingetua, nikatandika vipande vya migomba. Mgomba hauchubui chuma, na oili ikimwagika unainywa.

Kisha siri ya kutoa injini nyumbani, ambayo wenye winchi za magurudumu hamuijui: injini haitoki kwenye lori. Lori ndilo linalotoka kwenye injini. Unainyanyua injini kidogo, unaivuta mbele mpaka shafti iachie, unaipandisha ipite juu ya bampa, unaiacha ikining'inia palepale, na lori linarudi nyuma. Ua wa Mzee Gaspari uliteremka kidogo kuelekea kwenye mibuni, kwa hiyo hatukuhitaji wa kusukuma. Yeye angekaa ndani, akanyage breki ya mguu na kuliachia lori pole pole. Mawe mawili yaliyozuia magurudumu ya nyuma ningeyatoa, na lori likishafika pale chini ningeyaweka tena. Mpango mzuri kabisa.

Tukachagua siku ambayo Mama Kalista alikuwa amekwenda na wanawake wenzake parokiani. Nilitaka mikono yangu iwe huru.

Asubuhi ile nilipitisha kiganja kila mahali. Nyuma ya stata nilipitisha mara nyingi, nikiisikia sauti ya Fundi Salumu. Mimi na Mzee Gaspari tukavuta kamba, makapi yakalia, injini ikaachia giaboksi kwa mlio mdogo kama mtu anayechomoa mguu matopeni. Ikapanda, ikapita juu ya bampa. Nikazungusha kamba kwenye kisiki na kuifunga. Mzee Gaspari akapanda ndani, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nikatoa mawe, nikayasogeza kando, lori likarudi nyuma kwa adabu mpaka karibu na mibuni, likasimama. Injini ikabaki peke yake hewani, inazunguka taratibu, inadondosha oili juu ya migomba. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mzee Gaspari akaniita kutoka ndani ya lori, akaomba mawe. Hapo nikaona kwamba mawe nimeyaacha juu kule, karibu na injini, mbali na magurudumu. Nikamwambia avumilie kidogo, nishushe injini kwanza maana miti ilikuwa inalia, kisha nimletee. Akasema sawa, ila mguu wa kulia si wa juzi. Nikafungua kamba, nikaipunguza kwenye kisiki mpaka ukabaki mzunguko mmoja, nikaanza kuiachia kidogo kidogo.

Ndipo Mama Kalista alipotokea kwenye kona ya jiko, kapu kichwani, amerudi mapema.

Wanangu, mwili una akili zake. Nilikuwa nimekwepa uso wa mama yule kwa muda mrefu kiasi kwamba miguu ilikuwa imezoea kuliko kichwa. Kwa heshima kubwa, na bila kufikiri hata kidogo, niliiachia kamba na kuruka kujificha.

Pembeni ya ua palianzia shamba la maharage la mama yule. Wamatengo hulima mteremko kwa mashimo yaliyopangwa mistari, wenyewe wanayaita ngoro, ili mvua isichukue udongo. Niliingia kichwa kwanza kwenye ngoro la karibu. Nyuma yangu nikasikia kamba inakimbia kwenye kisiki na kapu linaanguka.

Nilingoja kishindo cha injini. Hakikuja. Badala yake nikasikia mtu anahema.

"Wewe kijana wa mafuta," akasema Mama Kalista. "Toka huko uje ushike kamba yako."

Alikuwa ameidaka. Mwanamke aliyechimba ngoro maisha yake yote ana mikono, msione hivi. Kamba ilikuwa imemchubua viganja kabla haijasimama, mzunguko ule mmoja wa kisiki ukimsaidia, naye alikuwa ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, injini ikining'inia mbele yake. Haya nimeyajua baadaye. Wakati ule niliona majani ya maharage tu.

Sasa tazameni tulivyokaa. Mzee Gaspari hawezi kuondoa mguu kwenye breki, lori litashuka liifyeke mibuni yake. Mama Kalista hawezi kuachia kamba. Aliye huru ni mimi peke yangu, na mimi ndiye nisiyeweza kutoka. Nikitoka, tutakuwa uso kwa uso, karibu kiasi cha kupokezana kamba mkononi, na jibu lake kwa mshenga litakuwa limesimama mbele ya shahidi. Nisipotoka, injini itaanguka, na hapo pia Kalista sina.

Nikaliambia lori limwombe Mama ageuke kidogo tu.

"Sigeuki," akasema. "Nigeuke kwa nani? Mimi si mama mkwe wa mtu."

Mzee Gaspari akasema kwa upole kutoka ndani ya lori kwamba labda angegeuka tu, kwa leo. Mkewe akamwambia ashike breki yake. Akajibu anaishika, ila mguu umeanza kutetemeka. Na kweli nikasikia lori limeteleza kidogo, mawe madogo yakasagika chini ya matairi, kisha likasimama tena.

Nilimpenda Kalista. Naliandika hivyo hivyo, wazi, asome na yeye. Nilikuwa nimelala kifudifudi shimoni, udongo mdomoni, na sikuogopa injini wala Fundi Salumu wala kicheko cha watu wa Mbinga. Niliogopa kwamba nikiinuka nitakuwa nimempoteza kwa mikono yangu. Lakini nilikuwa nasikia pia pumzi ya mama yake, jinsi ilivyokuwa inakatika, na katani mbichi naijua inavyokula ngozi. Fundi Salumu alitufundisha kuuliza nini kinashika. Pale kilichoshika kilikuwa mikono ya mama wa watu.

"Lori," nikasema, "mwambie Mama aiachie. Injini ianguke. Asiungue mikono kwa ajili ya chuma. Nitamwambia kila mtu kwamba ni mimi niliyeiangusha."

Mzee Gaspari hakunipinga, na injini ilikuwa yake.

Kisha nikasikia miguu ile niliyoizoea ikijisogeza udongoni, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa anageuka. Aliipitisha kamba begani kama mtu anayevuta mbuzi mbishi, akatupa mgongo upande wangu, uso akauelekeza kwenye mlango wa jiko.

"Lori," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejikasirikia, "mwambie mkwe wangu atoke shimoni. Anaharibu maharage."

Nilitoka. Sikumbuki nilivyotoka. Nilirudi kinyumenyume mpaka nikahisi kamba mgongoni, nikaishika kwa nyuma, mgongo wangu na wake ukiwa karibu bila kugusana, na hivyo ndivyo tulivyoishusha injini ile. Mimi nililiambia lori limwombe Mama alegeze kidogo, yeye akaliambia lori kwamba amelegeza. Nikaliambia lori limwambie asimame hapo. Akasimama. Fundi mkubwa mwenye vyeti angekuwepo angetuonea aibu, lakini injini ilitua juu ya migomba bila hata kugongana na kitu, sawasawa kabisa.

Yeye akaenda zake jikoni bila kugeuka. Mimi nikakimbiza mawe. Mguu wa Mzee Gaspari ulikuwa umekakamaa kwenye breki, ikabidi niutoe kwa mikono miwili kama namvua kiatu. Aliponyooka akamwita mkewe, akamuuliza amesikia vibaya au amesema mkwe.

"Nimeliambia lori," akajibu kutoka ndani. "Wewe sikukuambia kitu."

Kalista alikuwa nyuma ya ghala la mahindi wakati wote huo. Alikuwa ameona kila kitu na alikuwa amekaa chini kwa kicheko, mtungi umemwagika. Nilimpa kopo jipya la grisi safi ampelekee mama yake apake viganjani. Msiige hiyo, siku hizi zahanati zipo, lakini sisi hatukuwa na kingine. Vikapona. Ila kwa muda wote ule Mama Kalista alinuka kama mimi, na akina mama wa parokiani wakamuuliza kama naye anaendesha lori.

Krenki lilichongwa, injini ikarudi, na kuirudisha ni hadithi nyingine ya kutukanana na bolti. Lori likabeba kahawa msimu ule na misimu iliyofuata. Mshenga wangu alirudi, akapewa kigoda kilekile na togwa ileile, na safari hii jibu halikumtia aibu. Tangu siku ile mama yule hakunionyesha uso wake tena. Kila nilipofika alivuta kanga kichwani, na mimi moyo wangu ukawa unafurahi kama mtu aliyekumbatiwa.

Lori lilipokufa kabisa, yeye ndiye aliyehangaika kuliko mumewe. Akamuuliza Kalista, sasa mimi na mkwe wangu tutasemezana kupitia kitu gani, maana mbuzi hawatulii. Basi nikang'oa ule mlango wa kushoto usio na kioo, nikaufunga kwenye jiko lake kwa bawaba za mkono wangu. Miaka mingi tuliongea kupitia mlango ule. Yeye ndani mekoni, mimi nje kwenye kigoda, tukapeana habari za mvua, za watoto, za bei ya kahawa, za nani amefariki Kingerikiti. Kanga yake ilikuwa inaonekana kwa juu, mahali pa kioo. Sikutazama zaidi ya hapo.

Mara ya mwisho nilipokwenda alikuwa mzee sana, macho yake hayaoni tena, wala hakuwa na haja ya kujifunika. Alijifunika. Tuliongea kidogo, akachoka, nikaaga. Nilikuwa nimeshainuka aliposema.

"Mlango, mwambie mkwe wangu kuna jambo sijamwambia. Siku ile hakujificha. Ngoro lilikuwa fupi, kilichoingia ni kichwa tu. Makalio yote yalikuwa nje, yananitazama."

Nikaketi tena kwenye kigoda, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikauambia mlango umuulize Mama, kama ndivyo, mbona hakucheka.

"Mwambie nilikuwa nimeshika injini," akasema.